Vita vya Nengah Wirka na Usukani Uliopinda

Wekeni vikombe chini, enyi watu wa Bali, wa upande wa mlima na wa upande wa bahari. Mwenye redio aizime, mwenye simu ailaze kifudifudi, na mwenye kuku wa kuchinja amwongezee saa moja ya maisha, kwa maana habari inayokuja haijapata kuchongwa kwenye jiwe wala kuimbwa hekaluni, na leo kosa hilo linarekebishwa. Anasimuliwa Nengah Wirka, mwalimu wa hesabu wa darasa la tano, Mwenye Masharubu Yaliyochanwa, Mrushaji Tiara Asiyeshindwa ila na upepo, ambaye Jumamosi moja, kati ya chai ya asubuhi na alasiri, alipigana na chuma pasipo chuma.

Saa tatu asubuhi aliingia langoni mwake ajuza mmoja ambaye hakuna mtu wa nyumba ile aliyemtambua. Alivaa blauzi ya manjano ya sikukuu, kichwani alibeba sinia la sadaka lililofunikwa kitambaa, na mkononi alishika kandambili zake ili zisichafuliwe na vumbi la njia. Hakuyumba, na sinia halikuyumba. Alimtazama Nengah Wirka, aliyekuwa ameketi barazani akipaka masharubu mafuta ya nazi, kama mtu anayekagua mzigo alioagiza.

"Ndiye," akasema. "Ila Jumatano ulikuwa na tope zaidi."

Nengah akasimama. "Bibi, labda umekosea nyumba."

"Sijakosea. Mimi ni Rempi, mwenye bata. Ndimi niliyekuvuta miguu kutoka mferejini. Ukanishika mkono ukaapa kwamba Jumamosi utanipandisha Pucang kwa pikipiki yako. Uliapa mara tatu. Nikakwambia moja inatosha, tema tope kwanza."

Sukreni, mkewe Nengah, akachomoza jikoni na jani la mgomba mkononi. "Baba Ayuni, hilo la kuapa hukunisimulia."

"Sikulikumbuka, Mama Ayuni. Nilikuwa nimegonga kichwa."

"Bata wangu wote wazima, kama unataka kujua," akasema Bibi Rempi. "Kumi wamegoma kutaga, lakini wazima."

Hapa simulizi inalazimika kurudi nyuma siku tatu, ingawa shujaa asingependa. Jumatano ile Nengah Wirka alikuwa akitoka shuleni kwa mwendo wa heshima, akijitazama kwenye kioo cha pikipiki kuhakikisha kwamba masharubu yamelingana, ndipo bata mia mbili walipoanza kuvuka barabara wakiwa na haki zote. Akawakwepa. Hilo ni jema na liandikwe. Baada ya kuwakwepa bata akaukuta mti, na baada ya mti akaukuta mfereji wa mpunga. Yeye alitoka na michubuko. Pikipiki ilitoka na usukani uliopinda, madigadi iliyopasuka, taa inayoning'inia kwa waya, mkono wa breki ya mbele umekatika, na pedali ya gia imekunjika ikajificha chini ya injini kama mtoto aliyevunja chungu.

Mtaa mzima ulijua kwamba sababu ni masharubu. Nengah peke yake alijua sababu nyingine. Sikukuu ya vyuma iliyopita alikuwa uwanjani akirusha tiara, akachelewa kurudi, na maji ya baraka yakaipita pikipiki yake. Sikukuu hiyo huja kila baada ya siku mia mbili na kumi, kwa hiyo kwa karibu miezi saba aliiendesha huku amekunja mabega, akingoja pigo, na pigo likaja lenye mabawa na midomo bapa. Ndipo alipotangaza mbele ya majirani wote kwamba ataitengeneza mwenyewe, nyumbani, kwa mikono ileile iliyoiangusha, na kwamba sikukuu inayofuata itaikuta imesimama langoni ikingoja maji yake. Kisha akatumia siku mbili kuchora majeraha yake kwenye daftari la miraba, kwa kalamu za rangi tatu, na mishale. Ulikuwa mchoro mzuri sana.

Na sikukuu yenyewe ndiyo ilikuwa leo.

Zamani siku hiyo ilikuwa ya majambia na mikuki ya wafalme. Lakini wafalme wamekwisha, na heshima yao imerithiwa na pikipiki. Mtaa wote wa Tegeh ulikuwa umezipanga mbele ya malango, zimeoshwa kwa sabuni ya nywele, zimefungwa vitambaa vyeupe na vya manjano, zimetundikwa mapambo ya makuti machanga, na kila moja ina sinia lake la matunda, maua, keki na kuku wa kuchoma, chakula ambacho baadhi ya waendeshaji wake hawakuwa wamekila tangu mwezi uliopita. Kando yake, juu ya mikeka, zililala spana, nyundo, misumeno, visu na pampu. Vyote vilimngoja kuhani aje avinyunyizie maji, na sheria ya mtaa ilikuwa moja tu: chuma kilichokwisha kuwekewa sadaka hakiguswi mpaka maji yakifikie. Kuhani alikuwa mmoja. Nyumba zilikuwa sitini. Na kila nyumba ilikuwa na kahawa.

"Bibi," akasema Nengah, akiweka mkono kifuani, "wewe uliyeniokoa kutoka vilindi vya mfereji, ninakuomba unihurumie. Farasi wangu amelala nyuma ya jiko, majeraha yake ni matano, na leo hakuna mkono katika mtaa huu utakaoshika nyundo. Hebu tutazame Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo mtoto atakuwa ameshagusa ardhi," akasema Bibi Rempi.

Akaeleza, bado amesimama, sinia bado kichwani. Mwanawe wa pekee ameolewa Pucang, huko juu, na mjukuu anatimiza miezi mitatu leo. Tangu azaliwe amebebwa tu, miguu yake haijagusa ardhi, kama ilivyo desturi. Leo ndiyo anashushwa, na mama yake anataka nyanya awe ndiye wa kumshusha. Watangoja mpaka saa tisa. Zaidi ya hapo hawawezi, kuhani wa kule ana nyumba nyingine.

"Hakuna gari?" akauliza Sukreni.

"Lori la kabichi lilisimama alfajiri. Nikamwambia dereva aende zake, mimi nina mwalimu."

Maneno hayo ya mwisho yalimpiga Nengah Wirka kuliko ule mti wa Jumatano. Akavaa kilemba chake cha sikukuu, akavuka njia, akasimama mbele ya lango la Suwitra, fundi wa gereji, Bwana wa Spana Kumi na Mbili, ambazo zilikuwa zimelazwa juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio wa ukubwa, kila moja na ua lake.

"Ewe Suwitra," akaanza, "jirani uliyezaliwa mwaka mmoja nami, ambaye mikono yako imefufua injini zilizokwisha kuliliwa, ninasimama mbele yako si kwa ajili yangu, bali kwa ajili ya mguu mdogo ambao haujaijua dunia..."

"Bli, sauti," akasema Suwitra, na bli kwao ni kaka. "Mke wangu analaza mtoto. Unataka nini?"

"Spana namba kumi na nne. Na nyundo."

"Zimelala."

"Basi umpeleke Bibi wewe, kwa pikipiki yako."

Suwitra akaitazama pikipiki yake. Ilikuwa imevaa vizuri kuliko alivyovaa yeye siku ya harusi. "Kaka yangu, niitoe kabla ya maji, halafu miezi saba yote niendeshe kama wewe, mabega masikioni? Hebu niambie ukweli. Ningekuja mimi kuomba yako, ungenipa?"

Nengah alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, hata mahali ambapo ukweli haumsaidii. "Nisingekupa."

"Basi."

Akajaribu malango mengine manne, kwa hotuba zilizozidi kufupika, akarudi na keki mbili na pole nyingi. Bibi Rempi alikuwa amekaribishwa barazani na kukataa kuketi, asije akakunja sketi.

Ni Sukreni aliyeokoa siku, na wachongaji wa mawe wasimsahau kama wasahauvyo siku zote. "Nyumba hii ina vitu vingi ambavyo si chuma," akasema, akaingia ghalani, akatoka na mchi wa kutwangia mpunga, mrefu kumzidi mumewe, wa mti mweusi, ulioachwa na mama yake. "Huu haujawekewa sadaka. Ukipasuka, Baba Ayuni, usirudi nao. Na wewe usirudi."

Hivyo ndivyo silaha zilivyokusanywa: mchi wa mama mkwe, jiwe la kusagia viungo, bado linanuka vitunguu na pilipili, fito mbili za mwanzi, na vipande vya mpira wa tyubu ya zamani, ambavyo katika nyumba ile vilifunga kila kitu, kuanzia kuni mpaka paa. Nengah Wirka akavua shati, akafunga saruni vizuri, akaikabili pikipiki iliyolala ubavu nyuma ya jiko.

Pedali ya gia ilikuwa ya kwanza kuanguka. Aliingiza ncha ya mchi kati yake na injini, akaulalia mwisho wa pili kwa uzito wote wa elimu yake. Chuma kililia, mchi haukulia, pedali ikatoka mafichoni taratibu kama konokono. Madigadi ilizungushiwa mpira mara sita. Taa ilifungwa mahali pake kwa namna iliyoifanya itazame juu, kama inayosali. Yeye na mkewe walipoisimamisha pikipiki kwa gurudumu la nyuma kumwaga tope la ekzosi, kaa mdogo wa shambani akatoka, akawatazama, akaenda zake.

Kisha ukabaki usukani, ngome kuu. Gurudumu likitazama mbele, usukani ulitazama kando. Yeyote aliyewahi kuangusha pikipiki anajua dawa yake: libane gurudumu mahali pasipotikisika, ushike usukani, uvute kinyume cha ulikopindia. Nengah akafungua daftari. Pikipiki ilikuwa imelala ikitazama mashariki alipoichora, usukani umepindia baharini. Kwa hiyo mshale mwekundu, wenye maandishi yaliyopigwa mstari mara mbili, ulisema: VUTA MLIMANI. Maana watu wale hawasemi kulia wala kushoto. Chumvi iko upande wa mlima wa sahani, nzi ametua shavu la bahari, na mtoto anayejifunza kuandika huambiwa aanze herufi magharibi.

Nguzo za ghala zilikuwa na nafasi inayolingana na gurudumu. Wakaisukuma pikipiki mpaka pale, na kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba waliizungusha, wakaliingiza gurudumu kati ya nguzo, na mwalimu wa hesabu, akiamini mchoro wake, akashika usukani kwa mikono miwili, akapiga mguu nguzoni, akavuta mlimani kwa nguvu zote za mababu zake.

Ukaenda. Ukaenda kwa urahisi wa ajabu, na alipoachia, akihema, ameshinda, aliona kwamba kupinda kumekuwa maradufu na usukani sasa unatazama mlango wa jiko.

Wakati huo majirani walikuwa wamejaa ukutani, wote wamevaa nyeupe, wote wana maoni.

"Iache hivyohivyo, Mwalimu," akasema mmoja. "Utakuwa unaenda sokoni huku unamwona mkeo."

"Daftari halidanganyi," akasema Nengah kwa sauti nyembamba. "Nimevuta mlimani. Imeandikwa mlimani."

Bibi Rempi alikuwa akitafuna tambuu kivulini. Akatema pembeni kwa adabu. "Mlima haujahama, mwanangu. Iliyogeuka ni pikipiki."

Ukuta mzima ukacheka, na Suwitra, aliyekuwa katikati, akacheka kuwazidi. Bibi akamgeukia. "Wewe fundi. Spana zako zimewekewa sadaka, sawa. Mikono yako nayo imewekewa?"

Suwitra akaitazama mikono yake, moja baada ya nyingine, kama aliyekabidhiwa leo. "Hapana, Bibi."

"Basi shika hapo."

Akaruka ukuta. Akakunja saruni yake mpya, akalikumbatia gurudumu kwa magoti na kifua, na tope la mfereji likamchora ramani kwenye shati jeupe. "Vuta baharini, Bli. Polepole. Mimi nitakwambia." Nengah akavuta. Suwitra akasema bado. Akavuta tena, mishipa ikamsimama shingoni, masharubu yakalegea kwa jasho. Watu wawili zaidi wakaruka ukuta wakashika nguzo, ingawa nguzo haikuhitaji kushikwa. Mvuto wa tatu ukatoa mlio ambao ulimfanya kuku wa jirani anyamaze.

"Acha," akasema Suwitra. "Hapohapo. Ukiongeza, shokapu zitakatika."

Haukunyooka wote. Ulibaki umekengeuka upana wa viganja viwili, hivi kwamba mtu anayetaka kwenda mbele moja kwa moja alipaswa kuushika usukani kama anayekaribia kukata kona. Lakini gurudumu lilizunguka. Nengah akamimina petroli ya chupa, akapiga kiki. Akapiga ishirini. Akapiga arobaini, umati ukihesabu, na kwenye ya arobaini na moja injini ikakohoa moshi mweusi, ikashika, ikanguruma, na Sukreni akauchukua mchi wake, akaukagua urefu wote, akaurudisha ghalani.

"Una breki ya nyuma tu," Suwitra akasema. "Kupanda hakuna shida. Kurudi, ushuke kwa miguu."

Ilikuwa saa saba na nusu. Pikipiki ikasukumwa mpaka langoni, na pale, ikishikwa na Suwitra, kwa mara ya kwanza ilisimama ilipoapiwa kwamba itasimama. Sukreni akaiandalia sinia dogo, ila hakuiwekea bado. Nengah akatazama chini ya njia. Kuhani alikuwa ng'ambo ya kijito, nyumba saba nyuma. Mwalimu alipiga hesabu asiyotaka kuipiga: dakika kumi na mbili kila nyumba, pamoja na kahawa, dakika themanini na nne. Kisha kilomita kumi na nne za kupanda kwa mashine iliyofungwa kwa mpira. Mbele ya saa tisa hesabu haikuingia, hata aigeuze vipi.

"Tumwite aje sasa?" akasema mkewe.

"Aruke nyumba saba? Mama Ayuni, tutahamishwa mtaa."

Akasimama katikati ya lango. Miezi saba mingine. Kila kona, kila mbwa anayevuka, kila lori. Mtu asicheke hapa. Woga wa mtu ni mkubwa kadiri anavyouona yeye, na yeye alikuwa amelala mferejini Jumatano akiamini kwamba anakufa.

Bibi Rempi aliona. "Ngoja maji yako, mwanangu," akasema. "Mtoto nitamwona siku nyingine. Hatasahau miguu yake." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini alikuwa amelitua sinia chini, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Majirani walingoja hotuba. Nengah Wirka alifungua mdomo, na kila aliyemjua alijiandaa kusimama kwa muda mrefu.

"Panda, Bibi," akasema.

Sukreni akachukua ua moja kutoka kwenye sinia dogo akalichomeka juu ya sikio la mumewe. "Maji hatuna. Nenda pole." Naye akamnyanyulia Bibi sinia lake, akalikalisha kichwani, na Bibi akaketi upande, sketi haikukunjika.

Wakaondoka kwa mwendo ambao mbwa wa mtaa waliukimbiza, wakaupita, wakarudi nyuma kuungoja. Nengah aliendesha akiwa amegeuka kama mtu anayechungulia dirishani, mabega yamegusa masikio. Vijijini walikopita, pikipiki zilizovaa zilisimama malangoni, na wenyewe wakainuka kuona ile iliyovaa mpira wa tyubu.

"Mwalimu, ishuke uisukume, utafika mapema," akapaza sauti mzee mmoja.

"Yako inakwenda wapi leo?" akamjibu Bibi Rempi, na mzee akaketi.

Baada ya kilomita kumi na moja injini ilikuwa ikitoa pumzi za mgonjwa. Mlima wa mwisho wa Pucang ulisimama mbele yao, na hapo mashine ilikataa watu wawili. Bibi akanyoosha mguu kushuka.

"Kaa," akasema Nengah. "Nilisema kwa pikipiki."

Akashuka yeye. Akaweka gia ya kwanza, akashika usukani kwa pembeni, mkono mmoja kwenye mafuta, akaisukuma huku injini ikimsaidia pale ilipoweza. Kiatu kimoja kilibaki kwenye lami laini, hakurudi kukichukua. Masharubu, yaliyopakwa mafuta kwa nusu saa asubuhi, yalining'inia kila moja upande wake. Juu ya kiti, wima, sinia halijayumba, Bibi Rempi alipanda mlima kama malkia anayerudi kwake, na mara mojamoja alisema, "Kuna shimo upande wa mashariki," na Nengah akalikwepa shimo.

Lango la nyumba ya mwanawe lilikuwa wazi. Mwanamke kijana alitoka mbio, mtoto begani, akasimama, akaangua kilio na kicheko pamoja. Bibi alishuka, akampa mtu sinia, akavaa kandambili zake, akaingia ndani, akazivua tena.

Nengah Wirka hakuingia. Stendi, ambayo haikuwemo kwenye mchoro na hakuna aliyeikumbuka, ilikuwa imevunjika, na pikipiki isingesimama bila kushikwa. Kwa hiyo alibaki nje, mguu mmoja bila kiatu, akisikiliza. Alisikia kengele ndogo ya kuhani. Kisha sauti ya Bibi ikasema, "Haya, ndiyo hii," na mtoto akatoa kelele ya mshangao, si kilio, na nyumba nzima ikacheka.

Iandikwe basi, palipo na jiwe na palipo na karatasi tu: kwamba neno lililosemwa Jumatano kwa mdomo uliojaa tope lilitimizwa Jumamosi saa tisa kasoro dakika nne, na kwamba aliyelitimiza wakati huo alikuwa nje ya lango la Pucang, ameushika usukani kwa mikono miwili ili pikipiki isianguke.